Sinza au Goba? Maswali mnayoniuliza kabla ya kulipa kodi ya miezi sita

Kila mwaka ikifika Septemba simu yangu hugeuka ofisi ya dalali asiyelipwa. Binamu wa rafiki amepata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anatafuta chumba. Mfanyakazi mwenzangu amechoshwa na baa ya jirani. Shemeji anaoa, anataka nyumba "yenye utulivu lakini isiwe mbali". Mimi si dalali. Nilikaa Sinza miaka minne nikisoma, nikahamia Changanyikeni nilipoanza kazi, na sasa niko Goba, pembeni ya jiji, na mke na watoto wawili. Nimepanga tu, na mara nyingine nimepanga vibaya. Maswali yanayojirudia ndiyo haya.

Ukisema "mtaa wa chuo" unamaanisha wapi hasa?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani tangu 1964, na mitaa imekizunguka pande zote. Upande wa Barabara ya Sam Nujoma kuna Mwenge, Survey na Mlimani City, iliyofunguliwa 2006. Ukipita ndani ya chuo ukatokea nyuma, uko Changanyikeni. Upande wa Barabara ya Morogoro kuna Msewe na Ubungo.

Sinza haijapakana na chuo, lakini wanafunzi wamejaa kwa sababu iko katikati ya vyuo vingi: Mlimani na Chuo Kikuu Ardhi huku, Chuo cha Maji pale Ubungo, Chuo cha Usafirishaji (NIT) kule Mabibo, Ustawi wa Jamii hapo Kijitonyama. Katika nyumba moja ya Sinza Kumekucha tulikuwa wapangaji wanne na vyuo vitatu.

Wengi hawajui kwamba Sinza haikupimwa iwe hivi. Viwanja vyake vilitolewa miaka ya 1970, kwenye mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliogusa pia Kijitonyama na Mikocheni, kwa ajili ya familia za kawaida zijenge na zikae. Ndiyo maana mitaa yake imenyooka na magari yanapita. Watu wakajenga nyumba ya mbele, wakaongeza vyumba vya uani, kisha fremu za maduka barabarani. Wazee waliohamia pale wakitafuta utulivu bado wapo, na ndio wenye nyumba wetu. Kumbuka hilo dalali akikuambia mtaa fulani "umetulia". Muulize umetulia tangu lini.

Kelele za Sinza zinavumilika?

Kwanza niambie uko nyumbani saa ngapi.

Kelele za mtaa wa chuo zina ratiba. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mtaa unaweza kuwa kimya kabisa, watu wako darasani au kazini, na wanaosikika ni mama wa genge na mteja wake wakibishania fungu la nyanya. Kuanzia saa kumi na mbili jioni majiko ya chipsi yanawashwa, bodaboda zinajipanga kwenye kona, na muuza mtumba anawasha spika iliyorekodiwa sauti moja tu, "bukubuku, bukubuku", yaani kila nguo shilingi elfu moja, mpaka unaisikia usingizini. Ijumaa na Jumamosi ni zamu ya baa. Siku ya Simba na Yanga usipange kusoma wala kulala, hata kama kibanda umiza, yaani banda la kuangalizia mpira, kiko mitaa mitatu kutoka kwako. Goli utalijua kabla ya mwenye televisheni yake, maana king'amuzi chako kinachelewa sekunde kadhaa.

Chumba changu cha pili Sinza dirisha lake lilitazama jiko la baa. Nikajipa moyo kwamba muziki nitauzoea, na kweli niliuzoea kama mvua kwenye bati. Kilichonikosesha usingizi ni panga la mchoma nyama. Linagonga gogo bila mpangilio: kimya, kimya, kimya, halafu ta! Hadi saa nane usiku. Nilikaa miezi sita kwa sababu nilikuwa nimeshalipa miezi sita.

Kelele mbaya zaidi hata hivyo haitoki barabarani. Inatoka chumba cha pili. Mpangaji mwenzako akiwa na sabufa na marafiki, hata ungekuwa Goba porini utakesha naye. Kwa hiyo ukienda kuangalia chumba, usiulize habari za mtaa kabla hujauliza ni nani wanakaa humo ndani.

Na huko pembeni, Goba, Salasala, Makongo Juu, kweli ni kimya?

Usiku, ndiyo. Unasikia mbwa, chura wakati wa mvua, na redio ya mlinzi wa nyumba ya tatu.

Mchana ni habari nyingine. Mitaa hii bado inajengwa. Lori la mchanga linapanda kilima kwa gia ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi. Jirani anafyatua tofali. Mwingine anakata vigae, na sauti ile inaingia kwenye meno. Siku ya kumwaga zege mtaa mzima unajua. Nilipohamia nilikuwa na likizo ya wiki mbili, nikasema nitapumzika. Siku ya tatu nilikwenda kukaa maktaba ya chuo, kilometa kadhaa kutoka nyumbani, nikitafuta kimya mahali nilipokimbia kelele.

Anayefanya kazi za usiku na kulala mchana, kama muuguzi au mlinzi, asidanganyike na sifa ya Goba. Chumba cha nyuma Sinza, mbali na barabara kuu, kinaweza kumfaa zaidi.

Ni kweli mtaa wa chuo hufa wakati wa likizo?

Hufa, na wengi wanaopanga kwa mara ya kwanza hawaijui kalenda hii. Kwa kawaida chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wiki za kwanza ndizo za fujo kuliko zote: mwaka wa kwanza wanatafuta vyumba, magodoro yanapita juu ya bajaji, steshenari zina foleni. Kisha bumu linaingia, yaani fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, na mtaa mzima unajua bila kutangaziwa. Chipsi kuku zinauzika, wanaouza viatu wanahamia kwenye kona, na anayedaiwa na mama ntilie anajitokeza mwenyewe. Bumu likichelewa utaona wali maharage umepanda cheo.

Mitihani ikikaribia pananyamaza. Watu wanasoma usiku chuoni, wakirudi ni kulala tu. Ikifika katikati ya mwaka wanaondoka, wengine nyumbani, wengine mafunzo kwa vitendo mikoani, na Changanyikeni unaweza kutembea barabara nzima ukasalimiana na watu watano. Biashara nyingi ndogo hufungwa. Kipindi hicho ndicho kizuri kwa mtu asiye mwanafunzi kutafuta chumba: vipo, na mwenye nyumba anaongea vizuri. Ukija Oktoba unashindana na wazazi waliotoka Mbeya na Bukoba wakiwa na fedha mkononi na basi la kurudi kesho asubuhi.

Lakini ukikiona chumba Agosti, jua umekiona kikiwa kimelala.

Kodi ya pembeni ni nafuu. Kwa nini basi unasema utulivu una gharama?

Kwa sababu kodi ni sehemu tu ya hesabu. Chukua karatasi, andika safari yako ya siku moja ya kawaida, hatua kwa hatua. Kutoka mlangoni mpaka kituoni unatembea au unapanda boda? Kituoni daladala inakufikisha unakokwenda au unabadilisha? Kurudi saa tatu usiku daladala zipo, au kuanzia hapo ni boda tu, na kwa bei yake?

Tuseme boda ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Siku 26 za mwezi ni 52,000, na hapo hujapanda daladala, hujatumwa dukani, hujaenda kanisani wala msikitini, mtoto hajaugua usiku. Weka hiyo 52,000 juu ya kodi ya Goba, ndipo uilinganishe na ya Sinza. Wengine bado watapata nafuu, hasa familia inayohitaji vyumba vitatu na uwanja wa watoto kuchezea. Kwa mtu mmoja anayetafuta chumba selfu, chenye choo chake ndani, mara nyingi tofauti inayeyuka.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyojificha. Sinza ukiishiwa gesi saa mbili usiku unavuka barabara. Goba unapiga simu na kusubiri, ama unalala na uji. Sinza fundi wa simu, duka la dawa na kinyozi wako ndani ya dakika kumi kwa mguu, na wana washindani, kwa hiyo bei ina adabu. Pembeni duka ni moja, na mwenye duka anajua ni moja.

Kuna na muda. Hii siwezi kukufanyia hesabu, lakini mimi watoto wangu nawaona wakiwa macho siku tatu kwa wiki. Nilipokuwa Changanyikeni nilikuwa narudi jua likiwa bado juu.

Dalali anasema "dakika tano kwa mguu kutoka kituoni". Nimwamini?

Dakika tano za dalali ni za mtu anayeteremka kilima bila mzigo. Wewe utapanda na ndoo ya unga. Makongo na Goba ni vilima na mabonde, na ramani ya simu haionyeshi mwinuko unavyouhisi kwenye magoti. Tembea mwenyewe, kwenda na kurudi, ukiwa na saa.

Na kwa kuwa tumemtaja: ada ya dalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, juu ya ile unayomlipa mwenye nyumba. Wengi hutaka pia hela ya kukuzungusha, utake chumba au usitake. Kubalianeni kabla ya kuondoka kijiweni, na umlipe udalali siku unapokabidhiwa ufunguo na mwenye nyumba mwenyewe. Nilishawahi kuonyeshwa chumba kizuri na kijana mwenye ufunguo, kumbe ni mpangaji anayehama. Mwenye nyumba alikuwa hajui lolote.

Miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, nikubali?

Miezi sita imeshakuwa desturi, wengine wanataka mwaka. Kwenye mtaa wa chuo unaweza kupata mkataba wa miezi mitatu, hasa likizo, kwa sababu mwenye nyumba anajua chumba tupu hakimlipi. Pembeni, ambako nyumba ni za familia, wanapenda mwaka. Ushauri wangu ni kwamba kama hujawahi kulala mtaa huo hata usiku mmoja, pigania miezi mitatu ya kwanza hata kwa kuongeza kidogo. Mkataba uwe wa maandishi, uandikwe ni nani anatengeneza bomba likipasuka, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Ukishindwa kuongea na baba mwenye nyumba, mwone mama. Nyumba nyingi Sinza anayeamua ni mama.

LUKU ya pamoja ina ubaya gani?

Ubaya wake utaujua mwenzako atakapoanza kupika maharage kwenye jiko la umeme.

Kwenye nyumba za wanafunzi mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, huhudumia vyumba vitatu au vinne, mnachanga kwa usawa, na matumizi si sawa hata kidogo. Mmoja ana taa na simu. Mwingine ana friji, pasi, sabufa na hita ya maji. Siku umeme unapokatika saa nne usiku, kila mmoja anasubiri mwenzake anunue. Tafuta chumba chenye mita yake, hata kwa kodi ya juu kidogo. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, na kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye jengo, zungumza naye mapema kama atakupunguzia kwenye pango. Wengine hukubali. Wa kwangu alicheka.

Vipi kuhusu maji?

Hapa usimsikilize dalali, wala mwenye nyumba. Muulize dada anayefua nje ya nyumba ya jirani.

Maji mengi ya bomba jijini yanatoka Mto Ruvu kwa njia mbili: Ruvu Juu yanayoshuka na Barabara ya Morogoro upande wa Kimara, na Ruvu Chini yanayokuja upande wa Bagamoyo. Ruvu ukipungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2022 hadi tukaingia kwenye mgao, jiji zima linaumia. Ila wanaokaa juu vilimani na mwisho wa bomba huumia mapema na kupona mwisho. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, wamejenga matangi na kusambaza mabomba mapya maeneo ya Changanyikeni, Makongo na Salasala, hali si kama zamani, lakini bado nyumba isiyo na tangi la akiba pembeni mimi siichukui. Uliza tangi lina lita ngapi na linatumiwa na kaya ngapi. Uliza kama kuna kisima, na uonje: visima vingi vya Dar vina chumvi, chai inakataa.

Sinza nyumba nyingi zina bomba ndani ya uzio na muuza madumu hakosekani. Mkokoteni wake usiku ni kelele nyingine, ila ile huwezi kuilalamikia.

Mwanangu anaanza mwaka wa kwanza. Nimpangie nje au nimwache hosteli?

Akipata hosteli ya chuo, aende hosteli. Za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017, zina nafasi 3,840, na zipo za ndani ya chuo na Mabibo, lakini bado wanaokosa ni wengi. Akikosa, usimpeleke Goba ukidhani utulivu utamfanya asome. Mwaka wa kwanza mtoto anajifunza watu kabla ya vitabu: nani ana noti za masomo, kundi gani linajadili wapi, mhadhara umehamishwa chumba gani. Anayekaa mbali huondoka saa kumi na moja jioni kuwahi usafiri, na mazungumzo yenye maana huanza saa moja. Mwisho atabaki chuoni akibebana na mwenzake kitanda kimoja hosteli, na kodi yako ya Goba inalala peke yake.

Changanyikeni au Msewe, chumba kimoja na mwenzake anayemfahamu, mwenye nyumba akae humohumo. Mama mwenye nyumba anayeuliza "jana ulirudi saa ngapi?" anaudhi, lakini ni mlinzi usiyemlipa. Na mwambie afunge madirisha akitoka. Tumbili wa Mlimani hawana mipaka. Mimi walinibebea mkate wote wakaniachia mfuko.

Tuna mtoto mchanga. Je?

Pembeni, kama mmoja wenu ana gari au kama kuna kituo cha afya karibu. Vinginevyo fikirini upya. Kwa mtoto mchanga mimi naogopa barabara ya udongo kuliko baa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, vilima vya Goba na Makongo vinamomonyoka, boda zinateleza, bajaji zinakataa kupanda. Mtoto wetu wa kwanza alipata homa usiku wa mvua na tulitembea mpaka lami, mimi nikimulika kwa simu, mke amembeba kwa kanga mbili. Barabara kuu za huko sasa zina lami, lakini lami haifiki mlangoni kwa watu wengi. Pima umbali kutoka lami hadi geti lako. Hiyo ndiyo namba ya kuuliza.

Na huko mabondeni Sinza nako msijisahau. Walio karibu na Mto Ng'ombe wanazijua mvua.

Usalama uko wapi zaidi?

Wezi wapo kote, ila wanaiba tofauti. Mtaa wa chuo ni vibaka: simu mkononi, kompyuta mpakato dirishani, nguo kwenye kamba. Kuna watu saa zote, kwa hiyo ukipiga kelele utasikika. Pembeni ni wizi wa kuvunja, mchana, familia yote ikiwa kazini na shuleni, na jirani aliye karibu yuko nyuma ya ukuta wa futi nane. Utulivu unaoupenda wewe hata mwizi anaupenda.

Dawa ya kote ni kujulikana. Ukihamia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Utaihitaji barua yao siku ya kufungua akaunti au ya kushughulikia kitambulisho. Changia ulinzi shirikishi bila kuvutana. Msalimie mjumbe, msalimie muuza genge, na vijana wa boda wa kona wajue jina lako.

Baa imefunguliwa jirani baada ya mimi kulipa. Nifanyeje?

Anza na mwenye baa, mchana, kabla hajawa na wateja. Wengine hugeuza spika tu na mambo yakaisha. Ikishindikana, serikali ya mtaa, kwa maandishi, mkiwa majirani kadhaa na si wewe peke yako. Sheria ipo: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitolewa 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamewahi kuzifungia baa za jijini kwa sababu ya kelele. Lakini sitakudanganya. Malalamiko huchukua miezi, na mpangaji ana miguu. Mwenye nyumba ndiye mwenye nguvu ya kupambana, na ikiwa baa imepanga fremu yake yeye mwenyewe, anza kutafuta chumba kingine.

Mikesha ya maombi yenye spika ni kesi ngumu zaidi. Huko mimi niliishia kununua pamba za masikio.

Nafanya kazi nyumbani kwa intaneti. Wapi?

Mtaa wa chuo, kwa mtandao. Wateja wamebanana na kampuni zimefuata wateja. Pembeni kuna mifuko ambayo simu inakamata ukisimama dirishani tu. Jaribu kwa laini mbili tofauti, saa mbili usiku, muda ambao kila mtu yuko mtandaoni.

Hakuna pa katikati?

Papo. Msewe ya ndani, mbali na barabara. Makongo ya chini, karibu na Ardhi. Kijitonyama mitaa ya nyuma, yenye miti na nyumba za zamani. Hata Sinza yenyewe: mitaa miwili tu kutoka Barabara ya Shekilango na unasikia ndege. Wanaokwenda mjini kila siku waangalie pia Kimara na Baruti kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, ingawa asubuhi utapanda ukiwa umesimama.

Tatizo la pa katikati ni kwamba wote wanapatafuta. Chumba kizuri huko hakifiki kwa dalali. Anayehama humwambia rafiki yake, rafiki anahamia. Waambie watu unatafuta, miezi miwili kabla.

Maneno haya yanafaa Dodoma na Morogoro?

Nusu. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyoanzishwa 2007, imejengwa nje ya mji na wanafunzi wengi hulala humohumo chuoni, kwa hiyo fujo ya mtaani ni ndogo na umbali ni mkubwa. Chuo Kikuu Mzumbe kiko mbali na Morogoro mjini, kwenye barabara ya Iringa. Pale chuo ndicho mji, kikifunga pamefunga. SUA, chuo kikuu cha kilimo, iko mjini kabisa, chini ya milima ya Uluguru, na huko naambiwa kinachogomba na usingizi ni mvua.

Nitajuaje kabla ya kutoa hela?

Nenda mara tatu. Mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kazi, saa utakayokuwa unatoka, ufuate njia yako mpaka kazini au chuoni. Ya pili Ijumaa saa tatu usiku. Usiingie ndani, simama nje ya dirisha la chumba unachotaka, usikilize robo saa. Ya tatu baada ya mvua. Mwenye haraka hufanya ya kwanza tu, na huyo ndiye atakayenipigia Januari.

Ukiwa pale nunua kitu dukani, hata soda, ukae kwenye benchi. Muuza duka atakuambia kwa nini aliyekuwepo amehama. Mwenye nyumba atakuambia alipata uhamisho.

Wewe mwenyewe ungerudi Sinza?

Ijumaa jioni, nikiwa kwenye foleni ya kupanda Goba, ndiyo. Jumamosi asubuhi, watoto wakikimbizana chini ya mwembe bila mimi kuangalia barabara, hapana. Mke wangu haruhusu hata swali hilo liulizwe mezani.

Ila wiki iliyopita jirani yetu wa kushoto ameanza kuchimba msingi. Nilidhani ni ukuta. Nikamuuliza fundi, akaniambia ni fremu sita za maduka, na moja imeshapata mtu: anataka kuweka televisheni kubwa na mabenchi.